UPEPO WA TAIRI: KIPIMO NI CHA GARI, SI CHA MAZOEA

Maelezo kwa Watumishi wa Serikali, Madereva na Wananchi wote

Dereva anayekabidhiwa gari, iwe ya Serikali au ya mtu binafsi, hukabidhiwa pia roho za abiria wake na za wapita njia. Kabla ya safari, madereva walio wengi huangalia mafuta, maji na breki, lakini tairi huishia kutazamwa kwa jicho au kupigwa teke. Ilhali tairi nne ndizo pekee zinazoigusa barabara, na sehemu ya kila tairi inayokanyaga lami kwa wakati mmoja hukaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima tu. Breki nzuri na usukani mzuri havina faida iwapo sehemu hiyo haikukaa sawasawa barabarani.

Ni vyema ikaeleweka kuwa kinachobeba uzito wa gari ni upepo uliobanwa ndani ya tairi. Mpira ni chombo tu cha kuuhifadhi upepo huo. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kujikunja huko huzalisha joto. Joto likizidi, tabaka za mpira na waya zilizoshikamana ndani huachana, na tairi huweza kupasuka gari ikiwa katika mwendo. Aidha, tairi yenye upepo mdogo hulika pembeni, huchelewa kuitikia usukani na hupanda juu ya maji kwa wepesi zaidi wakati wa mvua za masika. Upepo ukizidi kiasi nako ni hatari: tairi hulika katikati, hushika barabara kwa eneo dogo, na huchanwa kwa urahisi na mawe makali ya barabara za kifusi.

KIPIMO SAHIHI HUPATIKANA WAPI

Makosa makubwa huanzia hapa. Wapo wanaosoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya maneno "MAX PRESS", ambayo huwa paundi 44 au 51 katika tairi nyingi za gari ndogo, wakadhani kuwa hicho ndicho kipimo cha kujaza. Namba hiyo ni mpaka ambao tairi haitakiwi kuuvuka. Mtengenezaji wa tairi hawezi kujua itafungwa katika gari gani, wala gari hiyo ina uzito gani. Wapo pia wanaomwachia fundi wa pancha ajaze kwa mazoea, kipimo kimoja kwa kila gari inayofika mbele yake.

Kipimo sahihi ni kile kilichowekwa na mtengenezaji wa gari. Huandikwa katika karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na katika baadhi ya gari huwa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Huandikwa vilevile katika kitabu cha maelezo ya gari. Gari nyingi zinazotumika Unguja na Pemba zimeletwa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, na maandishi ya karatasi hiyo huwa ya Kijapani. Hata hivyo, ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo huandikwa kwa tarakimu za kawaida ambazo kila mtu anaweza kuzisoma.

Linalowatatiza wengi ni aina ya kipimo. Karatasi za Kijapani hutumia kilopaskali, zinazoandikwa kPa, ilhali geji nyingi za mafundi husoma kwa paundi, zinazoandikwa PSI. Ulinganisho wake ni kama ufuatao:

kPa 200 ni sawa na paundi 29
kPa 220 ni sawa na paundi 32
kPa 240 ni sawa na paundi 35
kPa 280 ni sawa na paundi 41

Gari iliyotengenezwa zamani huweza kuonyesha namba ndogo kama 2.2. Hiyo ni kilo kwa sentimita mraba, na hukaribia paundi 31. Kadhalika, tairi za mbele na za nyuma si lazima ziwe na kipimo kimoja. Baadhi ya karatasi huonyesha vipimo viwili, kimoja cha gari yenye watu wachache na chengine cha gari iliyojaa watu na mizigo. Gari inayochukua watumishi watano na vifaa vyao kutoka Mjini hadi Makunduchi, au kutoka Chake Chake hadi Konde, haistahiki kuendeshwa kwa kipimo cha gari tupu.

TAIRI IPIMWE IKIWA BARIDI

Vipimo vyote vya watengenezaji ni vya tairi baridi, yaani gari iliyosimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au iliyokwenda mwendo usiozidi kilomita mbili hivi. Upepo hutanuka kwa joto. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, tairi ya gari ndogo huongezeka takriban paundi 1 na nusu. Kwa sababu hiyo asubuhi na mapema, kabla jua halijapiga tairi za upande mmoja, ndio wakati ulio bora wa kupima.

Mfano ufuatao utasaidia kulifahamu jambo hili. Dereva ambaye gari yake inatakiwa kuwa na paundi 32 anafika mjini mchana kutoka shamba, anapima na kukuta paundi 36. Akidhani zimezidi, anapunguza hadi 32. Asubuhi ya pili, tairi zikiwa zimepoa, zitakuwa na paundi 28 tu, naye ataondoka nazo akiamini kuwa ametekeleza wajibu wake. Hivyo basi, upepo usipunguzwe kamwe tairi ikiwa ya moto. Iwapo tairi imepungua na hapana budi kuijaza baada ya safari, ijazwe paundi 4 juu ya kipimo chake cha baridi, kisha ipimwe tena siku ya pili asubuhi.

PAUNDI CHACHE SI JAMBO DOGO

Wapo watakaoona kuwa tofauti ya paundi nne au tano haistahiki kushughulikiwa. Yaliyotokea Marekani yanatoa funzo. Mwezi wa Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilizirejesha tairi zipatazo milioni 6.5, nyingi zikiwa zimefungwa katika gari aina ya Ford Explorer. Tairi hizo zilikuwa zikibanduka sehemu inayokanyaga barabara na kusababisha gari kupinduka, na vifo zaidi ya 200 vilihusishwa nazo. Moja katika mambo yaliyobishaniwa ni kuwa kampuni ya gari ilipendekeza paundi 26, ilhali kampuni ya tairi ilitaka ziwe 30.

Kufuatia mkasa huo, gari ndogo zote mpya zinazouzwa nchini humo tangu Septemba 2007 zinatakiwa ziwe na taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua. Taa hiyo hutakiwa kuwaka pale tairi inapopoteza robo ya kipimo chake. Kwa gari ya paundi 32, hiyo ni kushuka hadi 24, na huo ni upungufu mkubwa. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hazina taa hiyo, na hata iliyo nayo haimwondolei dereva wajibu wa kupima.

Upo pia upande wa matumizi. Kwa kila paundi 1 inayopungua katika tairi zote nne, matumizi ya petroli huongezeka kwa takriban sehemu 2 katika kila 1,000. Kwa gari moja hiyo ni fedha ndogo, lakini kwa ofisi yenye gari nyingi zinazotembea mwaka mzima, zikiwa pungufu ya paundi tano au sita, fedha hizo huonekana. Juu yake kuna gharama ya tairi zinazolika kabla ya wakati.

MAMBO YA KUZINGATIWA

(a) Tairi zipimwe angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Tairi nzima isiyo na pancha huweza kupoteza paundi 1 kwa mwezi.

(b) Tairi ya akiba isisahauliwe. Ile nyembamba ya dharura hutakiwa kuwa na kPa 420, sawa na paundi 60, na isiendeshwe kwa mwendo unaozidi ule ulioandikwa juu yake.

(c) Anayepunguza upepo ili apite katika mchanga wa pwani arejeshe kipimo chake kabla ya kushika kasi barabarani.

(d) Vifuniko vya valvu virejeshwe kila baada ya kupima, kwani huzuia mchanga na uchafu.

(e) Tairi moja inayopungua mara kwa mara kuliko nyengine ipelekwe kwa fundi ikaguliwe. Kuijaza kila siku si matengenezo.

Ofisi zenye gari zinashauriwa kuwa na geji yao wenyewe na kuandika vipimo vya kila gari katika daftari lake la safari, ili dereva anayepokea gari kutoka kwa mwenziwe ajue hali yake. Kazi ya kupima tairi nne haichukui zaidi ya dakika kumi. Wananchi na watumishi wote wanakumbushwa kuifungua milango ya gari zao, waisome karatasi iliyobandikwa hapo, na waifuate.