Ngoma, Mtambo na Kisiwa: Maarifa ya Jumla kutoka Mkoa wa Simiyu

Wanafunzi wengi wa shule za sekondari huyachukulia maarifa ya jumla kama kapu lililotiwa vitu vya kila namna pasipo mpango: jina la mwanamuziki, ukubwa wa kisiwa, mwaka ambao mashine fulani ilibuniwa. Mambo hayo hukaririwa kwa ajili ya mashindano ya chemsha bongo, kisha husahauliwa. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao yake makuu mjini Bariadi, pamoja na ziwa lililo jirani yake, unatosha kuonyesha kwamba mambo hayo yana uhusiano, na kwamba kuyaelewa huweza kuwa na thamani kubwa kuliko alama za mtihani.

NGOMA NA GITA

Katika Usukuma, mavuno yakisha kupita, hufika msimu wa ngoma. Vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi vingi, na mshindi ni yule awezaye kuwavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Miongoni mwa ngoma za huko ni bugobogobo, ambayo wachezaji wake hushika majembe, kwa kuwa asili yake ni kazi ya kulima kwa pamoja.

Kabla ya mchezo, wapigaji huzipasha ngoma zao moto. Tendo hilo lina maana ya kisayansi. Joto hukausha ngozi. Ngozi ikikauka hukaza. Na ngozi iliyokazwa hutetemeka upesi zaidi. Kadiri mitetemo inavyokuwa mingi katika sekunde moja, ndivyo sauti inavyokuwa nyembamba. Kanuni hiyo huonekana pia katika gita. Uzi wa tano wa gita lililotiwa sauti kwa kawaida hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Mpigaji akiubana katikati ya urefu wake, nusu iliyobaki hutetemeka mara 220, na sauti hupanda kwa oktavu moja.

Bendi za muziki wa dansi zilizovuma nchini katika miaka ya 1960 na 1970, kama vile Western Jazz, na Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, zilijulikana kwa milio ya gita za umeme. Chini ya nyuzi za gita la namna hiyo huwekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotetemeka karibu na sumaku, huibabaisha nguvu ya sumaku hiyo, na ndani ya waya huzaliwa mkondo mdogo wa umeme unaopanda na kushuka sawasawa na mitetemo ya uzi. Mkondo huo hukuzwa, kisha hupelekwa katika spika, ambamo umeme husukuma na kuvuta utando hadi hewa itetemeke na sauti isikike. Ndiyo sababu gita la namna hii likifungwa nyuzi za nailoni haliwezi kutoa mlio katika spika zake. Sumaku haina habari na nailoni.

MTAMBO WA KUCHAMBULIA PAMBA

Msingi wa jambo hilo uligunduliwa mjini London mwaka 1831 na Michael Faraday, mtoto wa mhunzi. Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika ndani ya waya uliozungushwa, umeme huzaliwa. Gita hulitumia jambo hilo kwa kiasi kidogo mno. Jenereta ya umeme hulitumia kwa kiasi kikubwa. Mota, kwa upande wake, hufanya kinyume chake, yaani hupokea umeme na kutoa mwendo, kama spika inavyofanya. Kwa hiyo mpigaji gita jukwaani na mota izungushayo mitambo ya kiwanda ni ndugu wa ukoo mmoja.

Simiyu ni mkoa uongozao kwa kilimo cha pamba nchini, na viwanda vya kuchambulia pamba ni sehemu ya maisha ya huko. Pamba itokayo shambani hushikamana na mbegu zake. Kuitenganisha kwa mikono ni kazi ya kuchosha sana. Mwaka 1794 Eli Whitney wa Marekani alipewa hataza ya mashine iliyotumia meno kuvuta nyuzi na kuziacha mbegu nyuma. Mwaka 1840 Mmarekani mwingine, Fones McCarthy, alibuni mashine ya rola: rola iliyofunikwa ngozi huzishika nyuzi na kuzivuta, huku bamba la chuma likizizuia mbegu zisipite. Mashine za rola zilienea sana katika Afrika ya Mashariki.

Katika kilo 100 za pamba yenye mbegu, nyuzi huwa ni kama thuluthi moja tu au zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta, na mashudu yake huliwa na mifugo. Hapa mkulima anapaswa kuelewa jambo moja. Pamba iliyoloweshwa maji au kuchanganywa na mchanga huongeza uzito katika mizani, lakini haiongezi uzi hata mmoja. Mtambo huchakaa, nyuzi huharibika, na sifa ya pamba ya eneo zima hushuka.

KISIWA NI KILIMA

Mkoa huu umepewa jina la Mto Simiyu, ambao hutoka upande wa Serengeti na kuingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alidhani kwamba mto huu ndio chanzo cha mbali zaidi cha Nile upande wa kusini. Leo hadhi hiyo hupewa vijito vya Mto Kagera, huko Rwanda na Burundi.

Kaskazini ya ghuba hiyo kiko Kisiwa cha Ukerewe, kikubwa kuliko visiwa vyote vya ziwa hili, chenye eneo la kilomita za mraba 530 hivi. Ziwa Victoria ni pana sana, kilomita za mraba 68,800, lakini halina kina kirefu: mita 80 hivi tu mahali penye kina zaidi, ilhali Ziwa Tanganyika hufikia mita 1,470. Matope yaliyochimbuliwa chini ya Ziwa Victoria yameonyesha kwamba, kati ya miaka 15,000 na 17,000 iliyopita, ziwa hili lilikauka. Wakati huo Ukerewe haikuwa kisiwa. Ilikuwa nchi ya vilima iliyozungukwa na nchi kavu. Mvua ziliporudi, maji yalijaa mabonde na kuviacha vilele vikiwa visiwa.

KIVUKO

Kisiwa kikisha kuwapo, watu huhitaji chombo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Ukerewe kwenda Kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati. Watu 228 walikufa, na 41 waliokolewa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kujumlisha: watu 269. Uwezo wa chombo ulikuwa abiria 101.

Chombo huelea kwa sababu maji kinayoyasukuma kando yana uzito sawa na wake. Kikizidishiwa mzigo, huzama zaidi, na ukingo wake hukaribia maji. Watu wengi wakisimama juu, kitovu cha uzito hupanda; wakihamia upande mmoja kwa pamoja, chombo hulala upande huo, na huenda kisiinuke tena. Hayo yote hufundishwa darasani kwa bakuli na mawe machache.

Siku ya pili baada ya ajali, fundi mitambo wa kivuko hicho alitolewa akiwa hai kutoka ndani ya chombo kilichopinduka. Alikuwa amejifungia katika chumba kilichobaki na hewa. Hewa hiyo ilinaswa kama inaswavyo katika glasi inayotumbukizwa kichwa chini ndani ya ndoo ya maji. Jaribio hilo halihitaji maabara, na kila mwalimu aweza kulifanya.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini ngoma iliyonyeshewa mvua hutoa sauti nzito?
2. Je, spika ndogo yaweza kutumiwa kupokea sauti badala ya kuitoa? Eleza.
3. Mkulima ana kilo 600 za pamba yenye mbegu. Kadiria uzito wa nyuzi zake.
4. Abiria wanapokaribia gati, kwa nini huambiwa wabaki mahali pao hadi chombo kifungwe? Anayelijua jibu la swali hili amfundishe pia mdogo wake, kabla hawajapanda kivuko.