Mkande mtoto kwa upole, si kwa nguvu
Mtoto akishaogeshwa, bibi humlaza mapajani, humpaka mafuta ya nazi na kumkanda. Desturi hiyo ina faida. Mwaka 1986, Tiffany Field na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto njiti: waliokandwa hospitalini dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao.

Mzazi, nawa mikono, mkande miguu, mgongo na mikono taratibu. Akilia, acha. Usibonyeze utosi wala kuvuta viungo. Kwa mtoto njiti, muulize kwanza muuguzi. Na asiyenyonya, mwenye homa au anayepumua kwa shida hakandwi, mkimbize hospitali.