Shingo Ikiuma na Mkono Ukifa Ganzi: Je, Uuze Ng'ombe Ukapasuliwe?



Tuseme mvua za masika zimekaribia, jembe limenolewa na mbegu iko nyumbani. Lakini asubuhi hii umeamka na shingo iliyokaza kama ubao. Maumivu yanashuka begani, yanapita mkononi kama moto, na kidole gumba kimekufa ganzi. Jirani mmoja asema ni baridi. Mwingine asema umerogwa. Wa tatu asema aitwe fundi wa kuzungusha shingo. Naye mwanao aliye mjini anapiga simu: "Baba, uza ng'ombe, ukapasuliwe."

Kabla hujauza ng'ombe wa kulimia, soma habari hii mpaka mwisho. Hata kama shingo yako ni nzima, isome, maana huenda mkeo, mumeo au jirani yako akaihitaji kesho.

SHINGO IMEJENGWAJE

Shingo ina mifupa midogo 7 iitwayo pingili. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa kati ya ile ya kwanza na ya pili, upo mto mdogo uitwao diski. Nje mto huu ni mgumu, na ndani una ute mzito. Kazi yake ni kupokea uzito na kuiwezesha shingo kugeuka. Umri ukiongezeka, mto hukauka na kuingia nyufa. Siku moja ufa hupasuka, ute hutokeza nje na kuubana mshipa wa fahamu uendao mkononi. Ndiyo maana ugonjwa uko shingoni lakini kilio kiko mkononi.

Mito inayoharibika zaidi ni ule ulio kati ya pingili ya 5 na ya 6, na ule ulio kati ya ya 6 na ya 7. Ule wa kwanza mara nyingi hutia ganzi kidole gumba na kidole cha shahada. Ule wa pili hutia ganzi kidole cha kati na kuupunguzia mkono nguvu ya kusukuma. Kwa hiyo ukifika kwa daktari, mwambie hasa ni kidole kipi kinachokufa ganzi.

MIZIGO YETU YA KICHWANI

Mwaka 1986 wataalamu, akiwamo Profesa Maloiy wa Kenya, walitangaza katika jarida la sayansi liitwalo Nature jinsi walivyowapima akina mama wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kichwani. Waliona kwamba mama aweza kubeba mzigo hadi moja ya tano ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Ni sifa kubwa kwa mama zetu.

Lakini fanya hesabu. Mama mwenye kilo 60, moja ya tano yake ni kilo 12. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20 na zaidi, yaani theluthi ya uzito wake. Gunia la mahindi la kilo 90 lampita hata yeye mwenyewe. Tena wataalamu wale walipima pumzi na nguvu za mwili. Hawakupima uchakavu wa mito ya shingo. Mwaka 1968 Daktari Levy wa Salisbury, mji uitwao Harare siku hizi, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya "shingo ya mchukuzi", yaani majeraha ya shingo yawapatayo watu wabebao mizigo mizito kichwani. Kichwa kikiyumba au mguu ukiteleza kwenye tope, shingo hupinda ghafula na mzigo ungali juu yake.

Si kwamba kila shingo inayouma imeumizwa na mzigo. Hata karani aketiye mezani hupata ugonjwa huu. Lakini ukiwa tayari unaumwa, mzigo wa kichwani ni wa kuacha kwanza.

WENGI HUPONA BILA KISU

Sasa sikiliza habari njema. Wengi wa wagonjwa wa namna hii hupata nafuu kubwa katika majuma 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Ule ute uliotokeza mara nyingi hunywea wenyewe polepole. Katika muda huo fanya hivi:

1. Pumzika siku chache tu, kisha tembea na ufanye kazi nyepesi. Kulala kitandani mwezi mzima hudhoofisha misuli ya shingo.

2. Tumia dawa ya maumivu kwa kipimo cha mganga. Dawa za jamii ya ibuprofeni zaweza kuumiza tumbo na figo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wasinunue dukani bila kuuliza.

3. Mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, ukafanye nyumbani kila siku kama alivyokufundisha.

4. Kola ya shingo yaweza kusaidia mwanzoni. Huko Uholanzi mwaka 2009, wagonjwa 205 ambao ugonjwa wao ulikuwa mpya walijaribiwa. Waliovaa kola mchana kwa majuma 3, kisha wakaipunguza kidogo kidogo, walipata nafuu upesi kuliko wale walioachwa hivi hivi. Na waliofanya mazoezi pia. Usiivae miezi na miezi.

5. Usimruhusu mtu yeyote kuizungusha shingo yako kwa ghafula mpaka ilie. Akikosea, aweza kuumiza mshipa wa damu uendao kwenye ubongo, au ugwe mkuu wa fahamu ulio ndani ya pingili.

DALILI ZA KUTONGOJA

Usingoje majuma 6, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukiona dalili hizi: mikono imekuwa mizito hata huwezi kufunga vifungo vya shati, miguu inayumba, mkono unazidi kulegea, huwezi kuzuia mkojo au choo, au mkojo hautoki, au maumivu yalianza baada ya kuanguka. Dalili za mikono, miguu na mkojo zaweza kuonyesha kwamba ugwe mkuu wenyewe umebanwa, na ukichelewa waweza kubaki kiwete.

Vile vile, maumivu ya shingo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili. Huo ni ugonjwa mwingine, nao una dawa zake. Sema wazi kwa daktari, ukapimwe.

PICHA YA SHINGO

Eksirei huonyesha mifupa, lakini mto wenyewe hauonekani. Mto huonekana kwa picha ya MRI, ambayo ni ghali. Usikimbilie picha hiyo kama nafuu inakuja. Huko Japani mwaka 2015 ilitangazwa kwamba watu 1,211 wasio na ugonjwa wa shingo walipigwa picha, na karibu 9 katika kila 10 walionekana na mito iliyovimba. Basi picha peke yake haitoshi kukupeleka kwenye kisu. Ni lazima picha, ganzi ya kidole na ulegevu wa mkono vikubaliane.

UPASUAJI

Upasuaji unaotumika sana leo ulielezwa mwaka 1958 na madaktari wa Marekani, Smith na Robinson, na pia Cloward wa Honolulu. Daktari huingilia mbele ya shingo, huondoa mto ulioharibika, huweka kipande cha mfupa au kifaa mahali pake, na pingili mbili zikaunga kuwa moja.

Faida yake kubwa ni kuondoa maumivu ya mkono upesi, na kuuokoa ugwe uliobanwa. Hatari zake ni sauti kukauka, taabu ya kumeza, kidonda kuoza, mifupa kukataa kuunga, na mara chache sana kupooza. Wewe unayelima tumbaku huko Kuria na kuivuta pia, jua kwamba moshi huo huzuia mifupa kuunga.

Huko Uswidi mwaka 1997, wagonjwa 81 waliokuwa wameumwa zaidi ya miezi 3 waligawanywa: wengine kisu, wengine mazoezi, wengine kola. Waliopasuliwa walipata nafuu upesi zaidi, lakini baada ya mwaka tofauti ya maumivu haikuwa kubwa. Kwa hiyo, kama huna dalili za hatari, una nafasi ya kungoja na kufikiri. Kama mkono unazidi kulegea, au maumivu yamekataa kabisa baada ya miezi 3, hapo zungumza na daktari wa upasuaji.

UENDE WAPI

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo waweza kupelekwa hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Homa Bay au ya Migori, kisha Kisumu kwenye hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee wangali wanaiita Russia. Nairobi ipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Beba barua ya rufaa na picha zako zote. Tangu Oktoba 1, 2024 bima ya NHIF imepokewa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Jiandikishe ungali mzima, na kabla ya kulazwa uliza hospitali bima italipa nini na wewe utalipa nini. Mwulize daktari pia: nisipopasuliwa itakuwaje?

SHAMBANI

Kwenu mlio katika makazi ya Bonde la Lambwe, na ninyi wa miwa ya Awendo: gawa gunia mara mbili. Tumia wilibaro, punda au mkokoteni wa ng'ombe. Chota maji kwa mtungi wa lita 10, au weka mfereji wa mabati na tangi uvune maji ya mvua. Kwenye palizi, simama na kunyosha mgongo kila mwisho wa mstari. Na wewe kijana, mama akitoka mtoni, mpokee mzigo njiani.

Basi, ng'ombe wako na abaki zizini kwa sasa. Utamhitaji kukokota mizigo ambayo shingo yako imekataa. Lakini siku ugwe mkuu ukibanwa na daktari akakuambia kisu ni cha lazima, usimhesabu tena. Ng'ombe hununuliwa mara ya pili, miguu hainunuliwi.