Mwalimu Mmoja kwa Mtoto Mmoja

Katika madarasa mengi ya kwanza wapo watoto ambao mwaka huisha na kitabu bado ni fumbo kwao. Mwalimu mwenye watoto arobaini hana nafasi ya kuketi na mmoja, na mzazi huja kushtuka mtoto akiwa darasa la tatu. Huko New Zealand, Bibi Marie Clay wa Chuo Kikuu cha Auckland hakuridhika na hali hiyo.

Katika miaka ya 1960 Bibi Clay aliwaendea watoto waliokuwa wakianza shule, akaketi kando yao wakisoma, akaandika waliyoyatamka neno kwa neno, yaliyo sawa na yaliyokosewa. Aliona ya kuwa kosa la mtoto si upumbavu, bali laonyesha jinsi anavyofikiri. Huyu hutazama herufi ya kwanza tu, kisha hubahatisha. Yule hufuata hadithi wala haangalii herufi. Dawa yao si moja.

Katika miaka ya 1970 alitunga mafunzo yaliyoitwa Reading Recovery. Mtoto wa miaka 6 aliyekuwa nyuma kuliko wenzake alipewa mwalimu peke yake, nusu saa kila siku, kwa majuma 12 hata 20. Alisoma vitabu vidogo, akaandika sentensi yake mwenyewe. Mwalimu aliikata vipande, naye akaipanga tena.

La ajabu zaidi ni jinsi waalimu wenyewe walivyofunzwa, mwaka mzima, bila kuacha kazi. Mmoja alimfundisha mtoto katika chumba chenye kioo cha namna ya pekee: walio nje waliona ndani, walio ndani hawakuona nje. Wenzake waliketi nyuma ya kioo wakibishana. Mbona amemtajia neno upesi hivyo? Kwa nini hakungoja? Baadaye alikutana nao, wakayazungumza yote. Kwa mwalimu wa siku nyingi, aliyezoea kuwa yeye ndiye asahihishaye, hilo si jambo jepesi.

Mpango huo ulifika Marekani mwaka 1984, kisha Uingereza. Lakini gharama ya mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja ni kubwa, tena wapinzani walisema kwamba watoto walizoezwa kukisia maneno badala ya kuzifuata sauti za herufi. Kiingereza, ambacho maandishi yake huachana na matamshi mara nyingi kuliko Kiswahili, humvuta mtoto akisie. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto walionufaika sana mwanzoni walikuwa nyuma ya wenzao wa hali moja nao walipofika darasa la tatu na la nne.

Bibi Clay alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 2007. Mwaka 2024 serikali ya New Zealand ilitangaza kwamba itaacha kuugharimia mpango huo, na fedha zitumike kufundishia sauti za herufi kwa utaratibu, pamoja na kuwasaidia watoto waliobaki nyuma.