Fahamu: Mdhamini mwenye usonji ana kazi gani kwenye bodi?

Wadhamini ndio wanaoshika mali ya taasisi na kuamua inaelekea wapi. Nchini Tanzania bodi yao husajiliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na ikishasajiliwa inaweza kumiliki kiwanja au kushtaki kwa jina lake yenyewe. Wengi hujitolea, hawalipwi mshahara.

Taasisi nyingi za usonji zilianzishwa na wazazi. Ndivyo ilivyoanzishwa jumuiya ya kitaifa ya usonji ya Uingereza mwaka 1962. Uchungu wa mzazi ni ujuzi mkubwa, lakini mzazi hasikii kwa masikio ya mwanawe.

Chukulia kikao cha bodi Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, katika chumba kilicho kando ya barabara. Feni inagonga, konda anaita abiria, wajumbe watatu wanaongea kwa pamoja. Mwenye usonji anaziba masikio. Wenzake wanadhani amechoka tu. Akiwa mdhamini kamili, mwenye kura na si wa kupigwa naye picha, ndiye atakayedai ajenda ije siku tatu kabla na wajumbe wazungumze mmoja mmoja. Kisha atauliza: darasa tunalowajengea watoto, nalo litakuwa na kelele hizi?

Hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaka serikali iwashirikishe watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, katika maamuzi yanayowahusu.