Likasi: Mfuko wa unga uko nyumbani, kilo zitapunguaje?

Katika nyumba nyingi za Likasi, mji wa pili wa jimbo la Haut-Katanga, mfuko wa unga wa kilo 25 una nafasi yake: juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na panya. Karibu yake kuna bidoni la mafuta ya mawese, maharagwe, karanga, sukari na chumvi. Wenye frigo wanaongeza kuku na samaki thomson. Nyumba yenye akiba kama hiyo inalala kwa amani.

Lakini kwa mtu aliyeambiwa na daktari apunguze uzito kwa sababu ya tansio au ugonjwa wa sukari, akiba hiyo hiyo inageuka majaribu ya kila siku. Shauri linalosikika sana kwenye simu na redio ni rahisi: usinunue chakula kingi, usikiweke nyumbani. Shauri hilo limetoka katika nchi ambako duka liko kila kona na bei ya leo ndiyo bei ya kesho. Likasi haiko hivyo. Mama anayemaliza akiba ili apungue kilo anaweza kujikuta, mwezi unaofuata, ananunua unga ule ule kwa bei ya juu zaidi, kwa meka, huku watoto wakingoja.

Kwa hiyo ulizo lenyewe ni lingine: namna gani familia inaweza kuendelea kuweka chakula, na bado mtu mmoja wa nyumba hiyo akapungua?

Kwa nini watu wanaweka

Sababu ya kwanza ni mahindi. Haut-Katanga haivuni mahindi ya kutosha kulisha miji yake ya migodi, na sehemu kubwa ya unga inatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kisha inapanda hadi Lubumbashi na kuendelea kilomita 120 hivi kufika Likasi. Kila kinachotokea upande wa Zambia kinasikika sokoni hapa. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa maafa ya taifa, baada ya karibu hekta milioni 1 za mahindi kuharibika kati ya milioni 2.2 zilizopandwa. Nchi inayokosa mahindi ya kulisha watu wake inafunga mpaka kwanza.

Sababu ya pili ni majira. Miezi ya Januari hadi Machi ni migumu: mavuno ya mwaka uliopita yamekwisha, mapya bado yako shambani, na mvua inaharibu barabara. Kuanzia Aprili mahindi mapya yanaingia na bei inapumua. Mwenye akili na faranga mkononi ananunua wakati huo. Akina mama wengine wanafanya likelemba ili kila mmoja, zamu yake ikifika, apate pesa ya kununua mfuko mzima kwenye depo badala ya meka moja moja sokoni. Hiyo si tamaa ya chakula, ni hesabu ya nyumba.

Urithi wa posho

Kuna sababu ya tatu, ambayo wazee wa Panda na Shituru wanaijua vizuri. Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ilijengwa na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Kampuni ililisha wafanyakazi wake kwa posho: unga wa mahindi, maharagwe, karanga, mafuta, nyama au samaki. Chakula kilipimwa ili mtu awe na nguvu ya kubeba, kuchimba na kusimama mbele ya tanuru.

Mobutu alipotaifisha kampuni hiyo mwaka 1967, ikazaliwa kampuni ambayo leo inaitwa Gécamines, na desturi ya mfuko wa unga ikaendelea. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 namna familia za wafanyakazi zilivyoiona kampuni kama baba, na namna baba huyo alivyowaacha. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye, haikufikia hata tani 50,000. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliolipiwa na Benki ya Dunia.

Watoto waliokua wakati mfuko ulipoacha kufika nyumbani sasa ni watu wazima wenye familia. Kwa wengi wao, ukuta usio na mfuko wa unga unatia hofu, hata kama mshahara unaingia. Na wengi hawafanyi tena kazi ya kubeba na kuchimba: wanakaa ofisini, dukani, kwenye gari au kwenye pikipiki. Kipimo cha bukari kimebaki kile cha tanuru, ila kazi imebadilika.

Mwili wenyewe unafuata mantiki inayofanana na hiyo. Mwaka 2017, watafiti Daniel Nettle, Clare Andrews na Melissa Bateson wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walieleza wazo kwamba mtu asiye na hakika ya chakula cha kesho anaelekea kula zaidi leo na kuweka mafuta mwilini, kama bima. Walipokusanya tafiti nyingi, waliona uhusiano huo hasa kwa wanawake wa nchi tajiri, si kila mahali. Lakini wazo lenyewe si geni kwa mtu wa Likasi: hofu ya njaa inajaza mfuko, na inaweza kujaza sahani pia.

Kinachokaa ndicho kinachonenepesha

Ugumu mkubwa uko katika aina ya vyakula vinavyowekwa. Unga, mafuta, sukari na karanga vinakaa muda mrefu, na vyote vina kalori nyingi. Lengalenga, matembele, nyanya na ngai-ngai, vyenye kalori chache na vinavyojaza tumbo, vinanyauka kwa siku mbili. Kwa hiyo siku ambayo pesa ya mboga imekosekana, nyumba inabaki na bukari kubwa na mboga kidogo. Hapo ndipo mtu anayejaribu kupungua anaposhindwa, hata kama nia yake ni ya kweli.

Hesabu inaonyesha jambo hilo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Mfuko wa kilo 25 una basi kalori karibu 90,000. Mtu anayekula bukari iliyopikwa kwa gramu 200 za unga kwa mlo mmoja anapata kalori 720 kabla hajagusa mboga. Akipunguza hadi gramu 100, anaokoa kalori 360 kwa siku, yaani zaidi ya 2,500 kwa juma. Mfuko wenyewe pia unachelewa kwisha.

Lakini watu wengi wanapunguza bukari na kusahau mafuta. Mafuta yote, ya mawese au ya kukaangia, yana kalori 9 kwa kila gramu. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi. Chungu cha sombe kilichotiwa nusu lita ya mawese kimepokea kalori zaidi ya 4,000 za mafuta peke yake. Kikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja anakula karibu kalori 680 za mafuta, sawa na bukari ile kubwa. Sombe yenyewe, majani yake, haina kosa. Ukitia robo lita badala ya nusu, kila mtu mezani anapunguziwa kalori 340 na hakuna anayelala njaa.

Ukubwa wa sahani nao una kazi yake. Mwaka 2002, Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walionyesha kwamba watu waliopewa sahani yenye chakula maradufu walikula karibu asilimia 30 zaidi, na wengi hawakutambua kwamba sahani zilitofautiana. Mfuko ukiwa mpya, mkono unaosonga bukari unakuwa mwepesi. Mfuko ukikaribia kwisha, mkono huo huo unapima.

Umeme ukikatika

Likasi iko karibu na mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, lakini wakaaji wake wanajua delestaji kama watu wa miji mingine. Kwa mwenye frigo iliyojaa, umeme ukikosekana siku tatu, kuku na samaki vyote vinapikwa kwa mara moja kabla havijaoza. Nyumba inakula kwa siku mbili chakula kilichopangwa kwa majuma mawili.

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kuhifadhi baridi kwa saa 48 hivi. Iliyo nusu inafika saa 24. Kuifungua kila mara ili kuangalia ndiko kunakoharibu. Wengine wanaona heri kuweka nyama ya siku chache tu, na kutegemea kapenta na samaki wa kukauka kwa siku zilizobaki. Makayabu nayo inakaa, ila ina chumvi nyingi. Mwenye tansio anapaswa kuiloweka na kubadilisha maji mara kadhaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai.

Akiba kubwa kupita kiasi ina hatari nyingine. Mahindi na karanga zilizowekwa na unyevu, hasa wakati wa mvua, zinaota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Methali inasema akiba haiozi, lakini ya chakula inaoza. Unga au karanga zenye ukungu hazifai kuliwa eti kwa sababu zimelipiwa.

“Umekonda, unaumwa?”

Kikwazo kingine hakimo stooni. Katika mitaa ya Kikula kama kwingine Kongo, mwili mnene bado unasomwa kama alama ya maisha mazuri. Anayepungua anaulizwa kama anaumwa, kama ndoa ina matatizo, au kama kazi imekwisha. Mume anaweza kuona kwamba watu watasema halishi nyumba yake. Na mgeni akifika saa ya chakula, haistahili bukari ikosekane, kwa hiyo inapikwa ya kuzidi, na inayobaki inamalizwa na mama asiyetaka kuitupa.

Ni vigumu pia kuzungumzia kupungua katika nchi yenye njaa. Hesabu za IPC za mwaka 2023 na 2024 zilionyesha Wakongomani karibu milioni 25 wakiwa katika upungufu mkubwa wa chakula. Lakini mambo hayo mawili yanaishi katika mji mmoja, wakati mwingine katika nyumba moja. Duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na zaidi ya milioni 890 kati yao walikuwa na unene wa kupindukia. Tansio haiulizi kama jirani amekula.

Kuweka bila kunenepa

Jambo la kwanza ni kugawa mfuko siku unapoingia. Unga wa juma moja unawekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na mfuko unafungwa hadi juma lijalo. Unga unapimwa kwa kopo moja lile lile kabla ya kusonga. Mafuta nayo yanahamishwa kutoka bidoni kwenda chupa ndogo ya juma, na yanatiwa chunguni kwa kijiko.

La pili ni kubadilisha kinachowekwa. Maharagwe yanakaa kama unga, lakini yana protini na nyuzi, na yanashibisha kwa muda mrefu. Majani ya matembele au ya maboga yaliyokaushwa kivulini yanafaa wakati mboga mbichi imepanda bei. Mistari michache ya lengalenga nyuma ya nyumba inatoa mboga bila kwenda sokoni. Vile ambavyo mtu hula bila njaa, kama sukari, biskuti, karanga za kukaanga na vinywaji vitamu, vinafaa kununuliwa kidogo kidogo, hata kama bei ya jumla ni nafuu.

La tatu ni mezani. Anayepungua anapakuliwa sahani yake: nusu mboga ya majani, robo bukari, robo samaki au maharagwe. Sinia la pamoja ni zuri kwa umoja, lakini hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Hakuna sababu ya kukimbia. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa juma kunatosha, na mtu mwenye kilo 90 akipoteza kilo 5 hadi 9, tansio na sukari mara nyingi vinaanza kushuka. Mizani ya kituo cha afya inatosha, mara moja kwa juma au kwa majuma mawili. Anayekunywa dawa za sukari au za tansio asiruke milo wala asipunguze dawa mwenyewe: sukari inaweza kushuka ghafla. Amwambie daktari kwanza kwamba ameanza kupunguza chakula, ili dawa nazo ziangaliwe.