Fremu Ambazo Kamera Haikuzipiga

Msomaji mmoja wa Tanga, mpiga video wa harusi, ameniletea swali lenye pande mbili. Akipunguza kasi ya klipu hadi asilimia 40, bibi harusi anaingia ukumbini kwa kushtukashtuka. Akichagua ile njia ya kulainisha, mwendo unatulia vizuri sana, ila vidole vyenye hina vikipita mbele ya uso vinayeyuka na shavu linavutika navyo. Anataka kujua kama kasoro ni ya kompyuta yake au ni yake mwenyewe.

Mahali pa kubonyeza sitapaeleza. Anayekula kwa kazi hii anapajua kuliko mimi, na kila programu, iwe Premiere Pro, DaVinci Resolve au CapCut, imepaficha kwa namna yake. Tuanze na hesabu, maana huko ndiko nusu ya jibu iliko.

Klipu ya sekunde 10 iliyorekodiwa kwa fremu 25 kila sekunde ina fremu 250. Kwa asilimia 40 klipu hiyo inarefuka hadi sekunde 25, na sekunde 25 zinadai fremu 625. Programu ikiamua kurudia zilizopo, kila fremu ingepaswa kuonyeshwa mara mbili na nusu. Nusu hiyo haiwezekani. Basi fremu ya kwanza inakaa mara tatu, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, ya nne mara mbili, na hivyo hivyo hadi klipu iishe. Bibi harusi anachechemea kwa sababu ya hiyo tatu-mbili, tatu-mbili. Kwa asilimia 50 kila fremu ingekaa mara mbili kamili, na mwendo, hata kama ungekuwa mzito kidogo, ungekuwa sawia.

Waasisi wa slomosheni hawakuwa na shida hii, kwa kuwa waliimaliza ndani ya kamera. August Musger, padri wa Austria aliyekuwa pia mwalimu wa fizikia, alipata hataza ya kifaa chake cha vioo mwaka 1904. Kanuni ni kupiga picha nyingi kwa sekunde, kisha kuzionyesha kwa kasi ya kawaida. Fremu zote ni za kweli. Taabu inaanza pale unapotaka upole baada ya harusi kwisha na wageni kurudi makwao.

Njia ya pili ni kuchanganya fremu mbili jirani, moja ikififia juu ya nyingine. Mkono mmoja unageuka mikono miwili hafifu. Tuipite.

Ya tatu ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika. Kompyuta inatazama fremu mbili zinazofuatana, inakadiria kila doa limehamia wapi, kisha inachora fremu ya katikati ambayo kamera haikuipiga kamwe. Jina lake kwa tafsiri ya neno kwa neno lingekuwa mtiririko wa optiki, nami silitaki, kwa kuwa hapa mwanga hautiririki. Nimejaribu mwendo-mng'ao, nikaona unafaa utenzi kuliko maabara. Nitasema mkondo-picha, maana kila pikseli inapewa mwelekeo wake na kasi yake. Mwenye neno bora aniletee.

Sasa, kompyuta inajuaje doa limehamia wapi? Chukua ua wa mabati wenye matundu mengi madogo, na kwenye kila tundu mtoto mmoja amebandika jicho. Upande wa pili watu wanapitisha turubai la harusi lenye mistari ya mshazari. Mtoto wa katikati anaona mstari mweusi umesogea. Turubai limekwenda kulia, au limeinuliwa juu? Hawezi kusema. Miendo yote miwili inaleta taswira ile ile kwenye tundu lake, kwa sababu anachoweza kukiona ni mwendo wa kukata mstari tu. Ule wa kufuata urefu wa mstari hauonekani kabisa. Watafiti wenyewe wanaliita jambo hili tatizo la tundu, kwa hiyo ua huu sikuusimamisha peke yangu. Kihesabu, kila mtoto ana mlinganyo mmoja na mambo mawili asiyoyajua.

Mwaka 1981 Berthold Horn na Brian Schunck wa MIT walitoa ufumbuzi ambao naupenda kwa unyofu wake: kila mtoto aulize majirani. Anachukua wastani wa makisio yao, anausahihisha kidogo ili usipingane na alichokiona mwenyewe, anautangaza upya, na raundi nyingine inaanza. Mtoto aliyebahatika kuona pembe ya turubai, mahali ambapo mistari inakatika, anajua mwendo kamili bila kubahatisha. Ujuzi wake unasambaa kutoka tundu hadi tundu. Yule aliyeangukiwa na sehemu nyeupe tupu, asiyeona chochote kikisogea, naye anapata jibu, kwa kukopa tu kwa wenzake. Baada ya raundi za kutosha ua mzima unakubaliana, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeliona turubai zima.

Kisha mbuzi anapita mbele ya turubai akielekea upande wa pili. Watoto walio mpakani wanauliza majirani wa pande zote mbili, wa mbuzi na wa turubai, na wastani wanaopata hauhusu yeyote kati yao. Mbaya zaidi, mbuzi akishapita, yuko mtoto anayeona kipande cha turubai ambacho sekunde iliyotangulia kilikuwa kimezibwa. Hana cha kukilinganisha nacho. Hapo ndipo vidole vya hina vinapoyeyuka: mkono ni mbuzi, shavu ni turubai. Ndugu wa Tanga, kompyuta yako ni nzima, na wewe hukukosea.

Ila kuna tarakimu itakayokushangaza. Kwa asilimia 40, fremu mpya zinaangukia kwenye nafasi 0.4, 0.8, 1.2 na 1.6 za mwendo wa asili, na ni ya tano tu inayokutana na fremu halisi. Kwa hiyo katika zile 625, takribani 500 ni za kubuni, na nusu ya fremu ulizorekodi haionekani kabisa kama ilivyokuwa. Ungechagua asilimia 50, moja kati ya kila mbili ingekuwa ya kweli.

Filamu ya The Matrix ya mwaka 1999 ilitegemea ubunifu wa namna hii kujazia mapengo kati ya kamera zilizopangwa kumzunguka mwigizaji. Mwaka 2018 watafiti wa NVIDIA waliufunza mtandao wa neva kwa video 1,132 za fremu 240 kwa sekunde, na huo nao unakadiria mkondo-picha kwanza, pamoja na ramani ya kilichozibwa na kisichozibwa. Mbuzi amepungua makali, hajaondoka. Shanga zinazometa na taa za disko pia zinauvuruga ua, kwa kuwa watoto wote wanaamini doa halibadilishi rangi linaposafiri.

Harusi ijayo, rekodi mwingilio kwa fremu 50, kisha upunguze hadi asilimia 50 kwenye mradi wa fremu 25; hapo hakuna kitakachobuniwa. Kwa klipu uliyonayo, nenda asilimia 50 badala ya 40, ikate pale mkono unapofika usoni, na kipande hicho kifupi ukiachie njia ya kurudia fremu. Sauti iondoe kwenye klipu kabla ya yote uiache kwa kasi yake, la sivyo, kwa asilimia 40, vigelegele vya mashangazi vitashuka zaidi ya oktavu nzima.